SEHEMU YA 4: Wakili aliyenirudisha na hela yangu

Nimetoka zamu, mtoto kalala, ngoja niandike kabla sijasinzia.

Niliahidi kuwasimulia hela yangu ilivyoliwa. Baba watoto alipata kazi Oman, nikataka kumfuata na mtoto. Hapa Katesh kuna kijana alijiita mwanasheria wa uhamiaji. Suti, mhuri, maneno matamu! Nikampa laki sita na cheti halisi cha kuzaliwa cha mtoto. Simu ikazimwa.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliuliza tu, "Leseni yake uliiona?" Nikanyamaza. Yani mimi nesi, kila mwaka naulizwa leseni yangu, ya mwenzangu sikuiuliza!

Nikashuka Babati kwa wakili mwingine. Safari hii nilianza kutafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili. Lilikuwepo. Akanisikiliza, akasema: "Dada, hapa huhitaji wakili. Viza ya familia anaomba mumeo kulekule Oman. Wewe fuatilia cheti RITA, kisha pasipoti Uhamiaji. Unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi mwa mtu."

Nikatoka na hela yangu yote. Hapo ndipo nilijua huyu ni wakili kweli.

Mama, tafuta jina kwanza. Uliza ada, dai risiti, mwachie nakala, siyo cheti halisi. Huna hela? Ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Sehemu ya 5 kesho, tukijaliwa.