Habari za Kishikwambi cha Nyumbani Kwetu

Walimu wawili wa huku kwetu na mama mmoja wa Kinondoni wametuuliza kwa nyakati mbalimbali, "Ninyi mlinunua kishikwambi gani, na sisi tununue kipi, maana fedha zetu ni chache?" Hatukupenda kujibu upesi, kwa sababu habari yenyewe ina aibu ndani yake, nayo ni aibu yetu sisi wazazi, si ya mtoto. Lakini kwa kuwa wengi waelekea kupita njia ile ile tuliyoipita, twaona afadhali tuisimulie kama ilivyokuwa.

Hapo nyuma watu wengi walisema tableti tu. Neno kishikwambi lilienea sana mwaka 2022, makarani wa Sensa ya tarehe 23 Agosti walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mikononi. Na baada ya kazi ile Serikali ikavigawa kwa walimu. Basi walimu wengi wasomao gazeti hili wanacho kimoja. Lakini kile ni chombo cha kazi, wala si vema kuwaachia watoto wakichezee; na nyumba isiyo na mwalimu, kama yetu, haina hata hicho.

Sisi twakaa Mbagala, katika Wilaya ya Temeke, nasi tu watu saba ndani ya nyumba: sisi wawili, watoto wanne, na bibi yao. Simu ya kufungulia WhatsApp ilikuwa moja, na mmoja wetu huondoka nayo alfajiri kwenda kazini, asirudi ila usiku. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mpaka zilipofunguliwa tena mwezi Juni, tuliona kwa macho yetu watoto wa nyumba zenye vyombo wakiendelea kusoma, na wetu wakikaa barazani kuhesabu daladala. Hata baadaye mambo hayakubadilika sana. Mwalimu wa darasa hutuma maswali kwa picha, na binti yetu wa kidato cha pili alikuwa akiyanakili saa nne ya usiku, macho yamemlemea, huku mwenye simu akingoja kulala.

Ndipo tulipoanza kuweka fedha za mayai. Tulikuwa na kuku wachache, na kila tulichokipata tulikitia katika kopo, leo elfu mbili, kesho elfu tano, hata ulipokwisha mwaka tukahesabu shilingi 180,000. Tukapanda daladala, tukaenda Kariakoo.

Duka hatulitaji. Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye maneno mazuri. Alitutolea boksi jipya linalong'aa, na juu yake pameandikwa RAM GB 12, nafasi ya ndani GB 512, Android 13. Jina la kiwanda hatukuwahi kulisikia. Tukauliza, "Mbona Samsung pale mbele yetu ina RAM GB 4 na nafasi GB 64 tu, nayo yauzwa zaidi ya mara mbili?" Akacheka, akasema, "Pale mnalipia jina." Neno lile likatupendeza, maana kila mtu mwenye fedha chache hupenda kuambiwa kwamba wenye fedha nyingi ni wajinga. Tukafungua mipangilio tuhakikishe, na kweli ile 512 ilikuwamo. Tukatoa fedha zote. Risiti ya mashine hatukuidai, kwa kuwa alisema bila risiti atatupunguzia elfu tano za nauli.

Wiki mbili tulikaa kwa furaha. Wiki ya tatu kishikwambi kikaandika kwamba nafasi imejaa. Tulishangaa sana. Ndani yake palikuwa na picha za maswali ya shule, nyimbo za kwaya, na Biblia. Je, GB 512 zajazwa na vitu hivyo? Shauri letu likawa moja tu: kuna mtu ametia michezo na filamu, akazificha. Na mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila kijana wetu wa darasa la sita, kwa sababu ndiye apendaye vyombo, ndiye ajuaye vitufe vyote.

Tukamwita. Akasema, "Sikutia kitu." Tukamwuliza mara ya pili, akasema vile vile. Tukamwonyesha namba iliyo katika mipangilio, tukamwambia, "Chombo hakiwezi kusema uongo. Basi nani asemaye uongo hapa?" Akanyamaza. Tukamwita mwongo mbele ya dada zake. Tukamkataza kishikwambi wiki tatu, na mpira wa Jumamosi pamoja nacho. Bibi yake alisema kutoka jikoni, "Mtoto huyu akidanganya hutazama miguu yake, na leo hakuitazama." Tukamheshimu kwa kunyamaza, lakini hatukumsikiliza.

Zikapita siku. Kile kitu kikazidi kuwa kizito. Ukigusa leo chajibu kesho. Tukakipeleka kwa fundi simu karibu na Rangi Tatu, tukidhani kina ugonjwa. Akakitazama kitambo, akakipima kwa mkono kama mtu apimaye nyanya, akauliza tulikinunua kwa bei gani. Kisha akatia programu yake isomayo vyombo vya ndani, akatuonyesha: RAM GB 2, nafasi GB 16, na Android yenyewe ni ya zamani iliyobandikwa jina jipya. Tukasema, "Lakini mipangilio yasema 512." Akatujibu, "Mzee, aliyetengeneza ameandika namba aitakayo. Mtu akishona lebo ya sukari juu ya gunia la pumba, lebo itasomeka sukari kila siku." Ili tusidhani atuonea, akafuta vilivyokuwamo, akachukua flashi yenye filamu, akaanza kunakili moja moja. Filamu zilipofika GB 9 hivi kikakataa, kwa kuwa nafasi iliyobaki huliwa na programu za chombo chenyewe.

Ndugu, siku ile hatukuona uchungu wa shilingi 180,000 kwanza. Tulitazamana sisi wawili, na kila mmoja alijua mwenzake anamfikiria nani.

Usiku baada ya chakula tukamketisha mtoto, dada zake wakiwapo, maana tulimwaibisha mbele yao. Tukamwambia, "Ulisema kweli, nasi hatukukusadiki. Tuliliamini boksi la mtu tusiyemjua kuliko wewe tuliyekuzaa. Utusamehe." Hatujui ninyi mmezoea namna gani, lakini katika nyumba tulizolelewa sisi mzazi hakumwomba mtoto msamaha, na maneno yalitoka kwa shida. Akasema, "Haya." Akakaa kitambo, akauliza kama Jumamosi atakwenda mpirani. Tukamwambia atakwenda. Kisha akaomba neno moja zaidi: tukinunua kingine, yeye ndiye akipime.

Kile cha kwanza hatukuweza kukirudisha, kwa kuwa bila risiti hatukuwa na neno la kusimamia. Jirani alitaka kukinunua kwa shilingi 70,000, naye hakuuliza lolote ila kusoma boksi. Fedha zile zilitutamanisha, tusiseme uongo. Lakini tulimweleza yaliyomo, akaenda zake akicheka. Kipo mpaka leo, kazi yake ni kupiga nyimbo.

Ili kupata cha pili ilitupasa kugusa fedha za dari. Wanaojua nyumba za bati za Mbagala mwezi wa pili hawahitaji kuelezwa maana ya dari. Tulibishana siku tatu. Mwisho tuliona kwamba joto twaweza kulivumilia mwaka mmoja zaidi, lakini binti hawezi kurudia kidato cha pili. Tukatenga shilingi 330,000, na safari hii tukauliza kabla ya kwenda dukani, si tukiwa mbele ya muuzaji.

Swali la kwanza halikuwa chombo gani, bali kazi gani. Kwetu kazi zilikuwa tatu: masomo ya watoto, Biblia na nyimbo, na kuongea na ndugu walio mbali kwa WhatsApp. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni, ambamo vitabu vya kiada husomwa bure. Nyumba yenye watoto wanne yajua bei ya vitabu. Kazi hizi hazihitaji chombo chenye nguvu nyingi. Zahitaji chombo cha kweli, kisichozeeka mapema.

Rafiki yetu mmoja alitushauri tutafute iPad iliyotumika, na kweli tuliiona iPad Air ya mwaka 2013 kwa bei ndogo, nzuri ya kutazama, bati lake laini. Lakini programu yake ya msingi iliishia namba 12, haipandi tena, na WhatsApp na programu nyingine nyingi hazikubali kuingia humo. Tena chombo cha namna hiyo kikiwa bado kimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, aliyekinunua hana ila kioo cha kujitazamia. Shemeji yetu aliye Marekani naye alitaka kutuletea Fire ya Amazon, kwa kuwa huko ni rahisi. Tulimshukuru, tukakataa. Kwa kusoma vitabu chafaa, lakini hakiji na duka la programu la Google, na mtu asiye fundi atasumbuka kukitia vitu walivyozoea watu wa huku.

Jambo lililotutesa zaidi lilikuwa hili: tununue chenye laini au kisicho na laini? Wengi watasema chenye laini, maana nyumba zetu za pembeni hazina intaneti ya ukutani. Sisi tulichagua kisicho nayo. Bei yake ni ndogo zaidi, nacho hupokea intaneti kwa kurushiwa kutoka simu ya mzazi. Basi mwenye simu akiondoka, intaneti huondoka naye. Mtoto hawezi kukesha mtandaoni, wala hatulipi mabando mawili. Tunajua mahali pengine haifai, kwa mfano mama aliye peke yake na kazi ya usiku. Lakini kwetu bando ndilo lingetufilisi: chombo hununuliwa mara moja, na bando hununuliwa kila wiki.

Tukaenda Kariakoo tena, Jumamosi, na mtoto katikati yetu. Tulipata Samsung Galaxy Tab A9, aina iliyotoka mwaka 2023, imetumika kidogo, kioo cha inchi 8.7, RAM GB 4, nafasi GB 64, na mahali pa kutia kadi ya kuongeza nafasi. Bei shilingi 310,000. Ni RAM ile ile na nafasi ile ile tuliyoidharau siku ya kwanza.

Kijana alikuwa ameandika shughuli zake katika karatasi ya daftari. Alifungua duka la programu la Google, akaingia katika mipangilio yake mpaka mahali paandikwapo kama chombo kimethibitishwa, akatuonyesha. Akatazama kama akaunti ya mwenyewe wa kwanza imekwisha kuondolewa. Akatafuta masahihisho mapya, akarushiwa intaneti, yakaanza kushuka mbele yetu. Kisha akatoa flashi aliyoiazima kwa fundi. Muuzaji akasema, "Dogo, wateja wanangoja." Hakuinua macho. Alinakili filamu hata zikapita GB 40, akafungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, zote zikacheza. Ilichukua muda mrefu sana, na sisi tuliona haya kwa sababu ya watu waliosimama nyuma yetu, lakini hatukumharakisha. Akasema, "Baba, Mama, hiki ni cha kweli." Tukalipa, tukapewa risiti ya mashine yenye jina la duka na tarehe. Elfu ishirini zilizobaki zikaishia kwenye kava na kioo cha kulinda kioo, nazo ni lazima katika nyumba yenye sakafu ya saruji.

Tangu siku ile kinakaa juu ya meza ya sebuleni, hakiingii chumbani. Tumetia programu ya Google iitwayo Family Link, ambayo kwayo mzazi huweka saa za kufunguka na kufunga. Binti hupata saa ya kwanza ya jioni, wadogo wanaofuata hugawana ya pili, na ugomvi haujaisha, lakini ni ugomvi wa watu wenye kitu cha kugombania. Kijana ndiye mtunza chaji. Majirani wawili wamekwisha kumchukua Kariakoo awapimie vyao, na mmoja wao alirudi mikono mitupu akimshukuru.

Saa ya mwisho kabla ya kulala ni ya bibi. Macho yake hayaoni herufi za kitabu tena, hata tukizikuza, kwa hiyo husikiliza Injili ikisomwa kwa sauti. Dari bado hatujaiweka. Mvua za masika zikianguka juu ya bati hatusikilizani, naye hutuomba tuongeze sauti, na wadogo hulalamika kwamba hawapati usingizi.