Upepo wa Baba

Usiku ule Baba alinipigia simu mara nne. Simu ilikuwa kimya ndani ya begi, nami nilikuwa maktaba nikihariri sura ya pili ya tasnifu yangu. Nilipoiona ilikuwa saa tano na nusu. Nikapiga, hapatikani.

Asubuhi ndipo aliponieleza. Tairi la ndani, nyuma kushoto, lilianza kupoteza upepo akiwa Mikumi, pale barabara kuu inapopita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50. Hakuwa na utingo. Siku hizi tajiri halipi utingo. Kufungua tairi la lori lenye mzigo usiku, peke yako, kati ya wanyama, si kazi ya mtu mwenye akili timamu. Akawasha indiketa zote, akafunga milango, akakaa kwenye kabini akisikiliza matawi yakivunjika gizani. Alfajiri dereva mwenzake alisimama, akamsaidia kujaza upepo wa kumfikisha kwa fundi.

"Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu," alisema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwezi uleule pesa yangu ya utafiti iliingia. Nikaamua kumnunulia Baba kompresa ndogo ya kubeba. Sikumwambia mtu kwamba nilichokuwa nakitafuta dukani hasa ni msamaha.

Kariakoo, upande wa Gerezani, muuzaji alinitolea kidude kinachotoshana na mkate. "Hii inafika PSI 150, dada." Bei: shilingi 85,000. Tairi za Baba zinataka PSI 110. Mia na hamsini ni kubwa kuliko mia na kumi. Hesabu hiyo haihitaji shahada ya uzamili. Nilikuwa nimeshatoa simu nilipe, nikauliza tu kwa kupitisha muda: kwenye tairi la lori inachukua dakika ngapi?

"La lori?" Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Hapo utalala, dada."

Nilirudi hosteli mikono mitupu, nikaanza kusoma maandishi ya vibandiko kama nisomavyo makala. Hapo nikaelewa nilipokuwa nakosea. PSI inakuambia pampu inaweza kusukuma kwa nguvu gani. Haikuambii inasukuma upepo kiasi gani. Hilo huandikwa kwa herufi ndogo, kwa lita kwa dakika, na kidude changu kilikuwa na 35. Tairi kama la Baba lina nafasi ya takriban lita 140. Kulitoa sifuri mpaka PSI 110, yaani zaidi kidogo ya bar 7 na nusu, unatakiwa kushindilia humo zaidi ya lita 1,000 za hewa ya kawaida. Kwa lita 35 ni nusu saa, kama pampu ingekwenda kwa kasi ileile. Haiendi. Kadiri tairi linavyokaza ndivyo pampu inavyozidiwa, tena maelekezo yanataka uipumzishe kila baada ya dakika chache isiungue.

Halafu umeme. Kidude kile ni cha volti 12, cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara kwenye gari dogo. Lori la Baba lina betri mbili zilizounganishwa, volti 24. Angekichomeka, kingeungua kabla hajamaliza kusema bismillahi. Zipo kompresa za volti 24, zile za kubana moja kwa moja kwenye betri, lakini yenye nguvu ya kutosha ingemeza pesa yangu yote ya utafiti. Za petroli zenye mtungi zinahitaji watu wawili kuzinyanyua. Baba yuko peke yake, ana miaka 58, na mgongo wake anaujua yeye na Mungu wake.

Mwishoni nilifanya nililopaswa kulifanya mwanzoni. Nikampigia.

"Baba, hivi kwa mfano mtu akitaka kompresa ya kujazia tairi za lori, achukue ya aina gani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, lori lenyewe ni kompresa."

Breki za lori ni za upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza mitungi iliyo chini ya chesisi, na mitungi hiyo hukaa kwenye bar 8 hadi 10. Ukifunga mpira kwenye mfumo huo, ukaacha injini ikiunguruma, unajaza tairi. Tangu utotoni nimepanda lori na Baba. Nimeusikia ule mlio wa *pssss* kila aliposimama, na hata siku moja sikuuliza upepo ule unatoka wapi. Mimi nasoma isimu. Nimeandika kurasa tatu nzima kuhusu tofauti ya maana kati ya "hewa" na "upepo" katika lugha ya madereva.

"Kwa hiyo Mikumi upepo ulikuwa nao?"

"Upepo ulikuwepo. Mpira ndio ulipasuka. Tangu mwezi wa tatu namwomba tajiri mwingine."

"Mbona hukuniambia mimi?"

Akanyamaza kidogo. "Wewe una masomo yako, mama."

Nikarudi Gerezani. Mpira wa mita 15 unaohimili upepo mkali, kiunganishi, kichwa cha kubana kwenye valvu, na geji. Jumla shilingi 64,000. Urefu niliuchagua kwa makusudi. Nikiwa darasa la sita, rafiki wa Baba aliuawa na ringi ya rimu iliyofyatuka alipokuwa akijaza tairi. Tangu siku hiyo Baba ana sheria mbili. Tairi lililotembea bila upepo halijazwi tena mpaka livuliwe likaguliwe, kwa sababu nyaya za ubavuni huwa zimekwishachoka na linaweza kupasuka. Na hakuna anayesimama ubavuni mwa tairi linalojazwa.

Jumamosi nilimfuata yadi. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akawasha injini, akaunganisha mpira. Nikasogea kuona.

"Toka hapo!"

Baba hajawahi kunifokea namna ile. Nikarudi nyuma hadi aliposimama yeye, kwenye mkabala wa kukanyagia tairi, mbali kadiri mpira ulivyoruhusu. Tukasubiri. Alipofunga upepo akaiinua geji, akaisogeza mbali na uso, akaikaribisha, akaisogeza mbali tena. Kisha akanipa.

"Soma wewe. Tarakimu zake ndogo."

Hazikuwa ndogo. "Mia moja na nane," nikasema.

Akachukua kipande cha chuma, akaligonga lile tairi, akainamisha kichwa kusikiliza, akaligonga la pembeni yake. "Ongeza kidogo," akasema. Nikaongeza. Hatukuzungumzia macho siku hiyo. Tumepanga kwenda kupima wiki ijayo, akirudi Tunduma.

Siku hizi simu yangu naiweka juu ya meza, sauti ikiwa wazi. Mhudumu wa maktaba ameshanionya mara mbili.