Njahi za Nanyuki

Aghalabu mazungumzo ya jioni ya marafiki watatu waliosoma pamoja Nyeri huanza, kwa ujumbe wa simu, na swali lile lile: "Huko kumenyesha?" Mmoja ameolewa Karatina, mwingine amebaki Nyeri mjini, wa tatu analima Nanyuki, upande wa Mlima Kenya unaopata mvua haba. Asiyewajua angeyaita porojo. Lakini Wakikuyu huyaita majira kwa majina ya mazao: masika ya Machi hadi Mei ni ya njahi, vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya mwere (neno lililo ndugu wa mawele ya Kiswahili). Tena njahi ndicho chakula cha mzazi. Basi aulizaye mvua ameuliza shamba, na aulizaye shamba amekwisha kuingia hadi chumbani.

Mwaka ule rafiki wa Nanyuki alipanda mistari mingi kuliko kawaida. Bintiye alikuwa mjamzito. Kila jioni wenzake walipewa habari za maua, za maganda, za vidukari. Julai ikafika na baridi yake na ukungu.

"Njahi zimekubali, dada zangu," aliandika jioni moja. "Ila sina wa kumpikia."

Hakuna aliyeuliza kitu. Alfajiri yule wa Karatina alipanda matatu. Kiganjo akamkuta wa Nyeri amesimama kando ya barabara, amejitanda shuka, kiondo chake kimejaa viazi. Walishinda uani kwa mwenzao wakipukuchua njahi. Habari ya mvua haikutajwa.