Nilimwambia Binti Yangu Hana Nafasi

Msomaji mpendwa, iwapo umejaliwa mtoto aliyehitimu chuo kikuu na sasa hana mazungumzo mengine ila ya kwenda kusomea MBA ng'ambo, nakuomba uweke kikombe cha chai chini unisikilize. Swali hilo liliwahi kuniangukia Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, nami nikalijibu vibaya.

Kifungua mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne katika kazi ya uhasibu hapa Nairobi, aliniletea karatasi alizochapisha. "Baba, wewe ni mtu wa hesabu," akasema. "Niambie ukweli. Nina nafasi gani ya kuingia Harvard au Stanford?"

Nilichukua kalamu. Shule ya biashara ya Harvard, ambayo imekuwapo tangu mwaka wa 1908, ilipokea maombi karibu 10,000 ya darasa lililoanza mwaka wa 2024, na waliojiunga ni 930. Kati yao, asilimia 35 walitoka nchi za nje. Stanford ndiyo tundu la sindano hasa, kwani darasa lake huwa na watu 420 hivi. Nikagawanya, nikapiga mstari chini, nikamrudishia karatasi zake. "Mama," nikamwambia, kwa maana ndiye aliyerithi jina la mama yangu mzazi, "hao ni watu wa dunia nzima. Huna nafasi." Alizikunja akaenda kuosha vyombo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mke wangu alilijua baadaye. Hesabu ile haikuwa sababu. Sababu ilikuwa ploti yangu ya Kitengela. Masomo hayo ya miaka miwili, pamoja na malazi na chakula, hugharimu zaidi ya dola 200,000, nami nilijiona tayari nimeuza ploti, nimechangisha ukoo mzima, na bado deni limenikodolea macho. Niliogopa bili, nikajificha nyuma ya asilimia.

Kumbe mtoto alikuwa amesoma zaidi yangu. Alirudi baada ya wiki mbili akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtu mzima kuogelea. Harvard huamua nani aingie bila kutazama ana pesa au hana. Ukishakubaliwa ndipo hukagua uwezo wako, na mgeni hupimwa kwa mizani ile ile ya Mmarekani. Mwaka wa 2022 ilitangaza kuwalipia karo yote wanafunzi wenye uhitaji mkubwa zaidi, yapata asilimia 10 ya darasa. Stanford nayo imekuwa na ufadhili wa karo kwa Waafrika wasiojiweza, kwa sharti kwamba warudi kufanya kazi barani kwa angalau miaka miwili. Matumizi mengine hubaki juu ya mwanafunzi, na mikopo ipo. Si bure, lakini si ploti pia.

Kuhusu alama, hofu zetu nyingi zilikuwa za bure. Aliyesomea shahada yake kwa Kiingereza, kama wetu wanavyosoma, kwa kawaida haulizwi mtihani wa lugha hiyo. Alama za chuo huandikwa kama zilivyo, wala haifai kujaribu kuzigeuza ziwe za Kimarekani. Mtihani wa GMAT wa siku hizi huchukua saa mbili na robo, na aliufanya mara mbili.

Palipotutoa jasho ni barua za mapendekezo. Msomaji, unajua mambo ya ofisi zetu. Mkubwa wake alimwambia, "Andika mwenyewe, niletee nitie sahihi." Hilo shule hizo zimelikataza kabisa. Aliposhikiliwa aandike, mzee wa watu aliandika kwamba binti huyu ni mtiifu, mchapakazi na hachelewi kazini. Barua nzuri sana ya kumpeleka mtu kwa mchumba. Lakini fomu yenyewe ilikuwa inauliza: ni lini ulimkosoa, ilikuwaje, naye akafanya nini? Mkubwa aliona kutaja kosa ni kumharibia, akajibu kwamba hajawahi kukosea.

Mwaka huo hakuitwa hata kwa mahojiano. Sababu hazikutolewa, kwa hivyo siwezi kudai ni barua ile. Najua tu kwamba kwa siku tatu hakula vizuri, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia lolote, kwa kuwa ni mimi niliyetangulia kutamka hukumu.

Alijaribu tena mwaka uliofuata. Safari hii alikaa na mkubwa wake saa nzima akamkumbusha siku aliyopeleka hesabu za mteja zikiwa na kosa, akaitwa na kukaripiwa, kisha akabuni utaratibu wa ukaguzi ambao ofisi nzima inautumia hadi leo. Mzee alicheka, akaandika hayo.

Stanford huwauliza waombaji swali moja gumu: ni jambo lipi lililo muhimu kwako kuliko yote, na kwa nini? Mwaka wa kwanza alikuwa amejaza kurasa kwa uongozi na mabadiliko, maneno ambayo hata mimi ningeyaandika. Jumapili moja alinisomea jibu jipya. Lilianza na daftari la kurasa 96. Akiwa na miaka tisa, likizo kule Nyandarua, alikuwa akimwandikia nyanya yake lita za maziwa kila asubuhi, kwa kuwa nyanya hakujua kuandika. Chama cha ushirika kilipolipa pungufu, walipeleka daftari lile ofisini. Karani hakulifungua. Nyanya yake alirudi nyumbani akaliweka chini ya godoro, nalo lilikuwa hapo siku tuliyomzika.

Mimi, mhasibu wa miaka thelathini, sikuwa nimewahi kusikia habari za daftari hilo. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Mwezi uliopita aliitwa kwa mahojiano na Harvard. Ni dakika 30 tu, na anayekuhoji huwa ameyasoma maombi yako yote. Alipomaliza alisema mhojaji alirudia tena na tena kwa ile hesabu iliyokosewa. Kama ni dalili njema au mbaya, hakuna nyumbani mwetu anayejua. Majibu huja mwezi wa Disemba.

Hajaniuliza tena kuhusu nafasi. Kitengela nimepanda maharagwe.