Zamu za Usiku

Gari likipinduka katika njia ya kwenda uwanja wa ndege, sisi watu wa Ruashi hatukawii kusaidia: huyu hushika mikono, yule miguu, na majeruhi hukunjwa ndani ya taksi kama gunia la makaa. Nia ni njema. Lakini ndani ya mifupa ya mgongo mna kamba laini ya mishipa ya fahamu, na mfupa uliovunjika waweza kuikata wakati huo huo. Ikikatika haiungi tena. Kama hakuna moto, yafaa kungoja ubao, au hata mlango, watu wanne wamwinue pamoja, shingo isipindike.

Aliyekwisha kupooza ana adui mwingine. Kwa kuwa hasikii maumivu, hajigeuzi. Nyama iliyobanwa na kitanda hukosa damu, huoza. Zamani wengi walikufa kwa vidonda hivyo na kwa maradhi ya kibofu. Kuanzia mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

Nyumbani kwetu, tangu ndugu yetu alipopooza miguu, tumegawana zamu. Asubuhi twatazama matako na visigino. Mahali palipogeuka rangi au penye joto hapalaliwi mpaka papoe. Wageni huleta dawa za kuchua, nasi twashukuru, ingawa kutupokea zamu moja kungetufaa zaidi. Ya saa nane za usiku ndiyo ngumu. Anaishika mkewe, naye alfajiri aenda sokoni kuuza unga.