Kutoka Lubumbashi Mpaka Kolwezi na Mugongo wa Kupasuliwa

Wandugu wasomaji, barabara ya Lubumbashi mpaka Kolwezi munaijua. Ni kilometa karibu 300, na mutu mwenye afya anaimaliza kwa nusu siku, akilala usingizi ndani ya bisi. Lakini je, mumekwisha kuipita pamoja na mutu aliyepasuliwa mugongo? Hapo barabara inakuwa ingine kabisa.

Yaya yangu ni muchimbaji wa Kolwezi. Miaka 11 alibeba mifuko ya madini kutoka ndani ya shimo mpaka mahali pa kuuzia. Maumivu yalianza kiunoni, yakashuka katika tako na mguu wa kuume mpaka kidole kikubwa. Waganga wanaita ugonjwa huo siyatiki. Wagonjwa wengi wa namna hiyo wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu. Lakini kwake yeye mguu ulianza kulegea, akawa anakokota vidole chini. Njo maana walimupasua kule Lubumbashi.

Kutoka mujini

Muganga alimupa ruhusa ya kusafiri katika wiki ya 5. Tulikataa bisi, tukakataa na taksi-moto, juu mitikisiko ni mingi. Mulamu wetu alituazima motokari ndogo yenye kiti cha kulaza nyuma. Tulikunja kitambaa cha kuogea, tukakiweka nyuma ya kiuno chake. Fundi wa mazoezi, ule tunaita kine, alikuwa ametupa sheria moja: kukaa dakika 30, kisha kushuka na kutembea. Kwa hiyo tulitumia saa 9 njiani.

Kituo cha kwanza kilikuwa pale ambapo bomba kubwa la moshi la Lubumbashi na mlima wake mweusi wa mabaki ya shaba vilikuwa havionekani tena. Watu waliokuwa wanauza makala kando ya barabara walisimama kutazama ginsi yaya anashuka. Hakupinda mugongo. Aligeuza mwili wote mara moja, miguu yote 2 pamoja inje, kisha akajisukuma kwa mikono.

“Ni sawa gogo,” aliniambia. “Hata ku kitanda ni vile vile. Unalala kwanza ku ubavu, unashusha miguu, mukono njo inakusukuma. Ukiinuka sawa zamani, utalia.”

Kupumzika Likasi

Likasi ni muji wa vilima, ule uliitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Mama mudogo wetu anakaa upande wa viwanda vya Shituru. Alikuwa ametutayarishia bukari na samaki, na tena mukeka pamoja na mafuta ya moto. Jirani mumoja alikuwa anangojea “kunyoosha” mugongo wa yaya, na hata kuukanyaga kwa miguu. Yaya alimushukuru kwa heshima, akakataa.

Sababu yake ni hii. Kiunoni tuna mifupa 5 ya mugongo, na kati ya mufupa na mufupa kuna kasahani, waganga wanasema diski. Inje ni kagumu, ndani ni kalaini. Ganda lake likipasuka, kile kilaini kinatoka na kugandamiza mushipa unaoshuka katika mguu. Mwaka 1934 waganga 2 wa Boston, kule Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walitangaza ya kuwa jambo hilo njo chanzo cha siyatiki ya wagonjwa wengi, na kwamba kisu kinaweza kuwasaidia. Muganga anaondoa tu kipande kinachogandamiza. Lakini lile ganda linabaki na kidonda, na nyama za mugongo zilizosukumwa kando zinataka wakati wa kurudia nguvu. Mutu akikanyagwa pale, au akiinama na kujipinda akiwa na muzigo, kipande kingine kinaweza kutoka.

Kwa hiyo wiki za kwanza ni hapana kuinama, hapana kujipinda, hapana kubeba zaidi ya kilo chache. Bidoni moja ya litre 20 ni kilo 20! Lakini kulala muchana kutwa pia si dawa. Nyama zinalegea, na damu inaweza kuganda katika miguu. Yaya alianza kutembea siku ya pili baada ya kupasuliwa. Kwanza dakika 5, mara nyingi kwa siku. Sasa alikuwa amefika dakika 30 bila kusimama.

Kule Likasi alilala saa moja, kisha akafanya mazoezi yake juu ya ule mukeka. Analala chali, magoti yakiwa yamekunjwa. Anakaza tumbo bila kufunga pumzi, anahesabu 10, analegeza. Kisha anainua kiuno kidogo, anakishusha polepole. Batoto ba mama mudogo walicheka, kisha wakaanza kumuhesabia. Kwa wengi, mazoezi ya namna hii pamoja na kine yanaanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, na yanapunguza maumivu upesi zaidi.

Fungurume, mahali pa maswali

Fungurume kuna malori mengi, vumbi, na vilima vyenye shaba. Tulisimama kununua mayi. Vijana 2 walimutambua yaya kwa kazi yake ya zamani.

“Yaya, utarudia siku gani? Shimo iko inakungojea.”

Hapo njo nilisikia maneno ambayo alikuwa hajaniambia. Wenzake wa shimo walikuwa wametuma habari: wanamupa wiki 2. Zikipita, nafasi yake inapewa mwingine, na sehemu yake ya faida inakwisha.

Alitembea safari hiyo kuliko vituo vyote, peke yake, kando ya barabara. Tulipovuka daraja la Lualaba, ule muto ambao mbali kule unakuwa muto Kongo, aliomba tusimame tena. Alitazama mayi, akasema: “Docta alisema miezi 3 mbele ya kubeba kitu kizito. Na mu ile miezi 3, batoto batakula nini?” Sikuwa na jibu.

Kolwezi, nyumbani

Munajua Kolwezi. Mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba za Kasulo, na wengi walichimba ndani ya lupango zao wenyewe. Katika muji wa namna hiyo, mutu anayekaa bila kuchimba anajiona anapoteza kila siku.

Bibi yake alikuwa ametengeneza nyumba. Kitanda kiliinuliwa na matofali, matela ngumu juu yake. Kiti kirefu chenye mikono kilichukua nafasi ya kale kakiti kafupi. Kwenye choo waliweka kiti kilichotobolewa, asichuchumae. Mayi na sahani viliwekwa juu ya meza. Alimupikia maharagi na mboga, na kumunywesha mayi mengi, juu vidonge vya maumivu vinafunga tumbo, na kujikaza chooni kunaumiza mugongo.

Siku ya 3 wenzake wa shimo walifika. Bibi yake alisema mbele yao: “Batata, mwaka jana mulimubeba kwa mikono kutoka ku shimo. Mukimurudisha mbio, mutamubeba tena.” Walinyamaza. Kisha mukubwa wao alisema kwamba juu ya shimo kunatakiwa mutu wa kuhesabu mifuko na kuiandika. Walipatana: yaya ataandika mifuko, kwa nusu ya sehemu yake, mpaka miezi 3 itimie na kine amupime.

Nusu ya sehemu haitoshi kulipa masomo ya batoto 5. Bibi ameanza kuuza makala mbele ya lupango. Yaya bado anaamka na ugumu kiunoni, lakini hakokoti tena vidole. Na Siku ya Mungu anasimama nyuma, karibu na mulango, kila dakika 30. Mwanzoni watu waligeuka kumutazama. Leo hakuna anayeshangaa.

Wandugu, kama munatunza mutu wa namna hii, mumurudishe kwa muganga palepale mukiona: mikojo au choo vinamutoka bila kujua, au mikojo inakataa kutoka; ganzi kati ya mapaja; mguu unalegea upya; homa, au kidonda kinatoa usaha; nyama ya nyuma ya mguu inavimba na kuuma.

Na mbele ya kutoka hospitali, mumuulize muganga maneno 3: siku gani nitabeba, kilo ngapi, na nani atanifundisha mazoezi? Mumuombe aandike majibu juu ya karatasi. Wenzenu wa kazi wakija kuuliza, mutawaonyesha ile karatasi.