Kaporwa mchumba, kaandika utenzi

Hebu nikuulize msomaji wangu: ukiporwa mchumba na jamaa mwenye fedha, halafu wewe ukatupwa jela, ukitoka utafanya nini? Wengi wetu tungekwenda kulewa. Mfilipino mmoja aliandika utenzi, nami nikaenda kuuona mtaa yalikomkuta hayo.

Mtaa wenyewe ni Pandacan, jijini Manila. Nilipanda jeepney, daladala lao refu lenye marangirangi kama kanga. Nauli unampa jirani, naye anampa wa mbele yake, mpaka inamfikia dereva. Chenji inarudi njia hiyo hiyo, tena kamili! Nilibaki mdomo wazi.

Francisco Balagtas alizaliwa 1788 huko Bigaa, mkoa wa Bulacan, mtoto wa mhunzi. Akaja Manila kufanya kazi za ndani ili asome. Mashairi yake alirekebishiwa na gwiji aliyeitwa Huseng Sisiw, yaani Jose Kifaranga, kwa sababu malipo yake yalikuwa vifaranga. Inasemekana siku moja Balagtas alikwenda mikono mitupu, akarudishwa. Biashara ni biashara.

Basi bwana, hapo Pandacan akampenda Maria Asuncion Rivera. Mariano Capule, mwenye uwezo, naye akamtaka. Balagtas akaishia jela, Capule akaoa. Mwaka 1838 ukatoka utenzi, Florante at Laura, ukiwa umetunukiwa "Selya", na chini yake herufi M.A.R. Mji mzima ukajua ni nani! Hadithi aliiweka Albania, maana Wahispania walikuwa wakikagua kila kinachochapwa, lakini wengi waliona ni Ufilipino inayosemwa. Hadi leo wanafunzi wa sekondari wanausoma, na tangu 1924 malumbano ya mashairi jukwaani huitwa balagtasan.

Nilisimama kando ya Mto Pasig, unaopita hapo kwenda kwenye Ghuba ya Manila. Ng'ambo ya ghuba ni Bataan. Huko Balagtas alioa mke mwingine, Juana Tiambeng, akafungwa tena kwa kesi ya kumkata nywele mtumishi wa tajiri, akafa fukara 1862. Husimuliwa kwamba kabla ya kukata roho aliusia watoto wake wasiwe washairi, heri wakatwe mikono.

Mama yangu angempenda sana mzee huyu. Kila nikimwonyesha safu yangu gazetini huuliza, "Wameshakulipa?" Haya nimeyaandika ndani ya jeepney ya kurudi, karatasi ikiwa juu ya goti. Safari nimemsimulia yote, ila habari ya mikono nimeiruka.